Misumari 25, mchanga mkavu na kamba ya fundi

Bango la manila lenye kanuni ya eneo la duara, limeandikwa kwa maka za rangi nne na kuchorwa maua pembeni, husomwa siku linapobandikwa. Baada ya hapo linakuwa ukuta. Mwandiko hauna kosa. Shida ni kwamba bango limeshasema kila kitu na mwanafunzi hana la kufanya nalo. Zana inayofundisha hisabati ni ile ambayo usipoishika, ukaipima na kuibishia, jibu halipatikani. Na ukikosea, inakuumbua yenyewe kabla mwalimu hajasema neno. Zana zilizoelezwa hapa ni za madarasa ya kidato cha kwanza hadi cha nne, yenye wanafunzi 60, 70 na zaidi, ambako kifaa pekee kinachopatikana bila kuomba ni chaki. Zimevunjika, zimeibwa, zimeliwa na panya, zikatengenezwa upya. Vipimo vinavyotajwa ni vile vilivyobaki baada ya marekebisho hayo.

Kama kuna fedha ya zana moja tu, iwe ubao wa misumari, ambao maumbo huundwa kwa kuzungushia misumari mpira wa kufungia noti. Mwalimu wa hisabati Caleb Gattegno aliueneza miaka ya 1950 na hadi leo sijaona kilichouzidi kwa bei yake. Nunua ubao mmoja wa paina wa futi 12, upana inchi 6, unene inchi 1. Ukikatwa vipande vya sentimita 15 kwa 15 unatoa vipande 23. Hesabu ya karatasini itakwambia 24, lakini msumeno unakula karibu milimita 3 kila mkato, na fundi akilazimisha 24 cha mwisho kitatoka kifupi. Vipande 23, wanafunzi watatu kila kimoja, ni watu 69. Paina ni laini na nafuu. Mninga mwachie mwenye kitanda.

Kila kipande kinapigwa misumari 25 ya inchi moja, safu tano za misumari mitano, sentimita 3 kutoka msumari hadi msumari, na sentimita 1.5 kutoka msumari wa pembeni hadi ukingo. Hiyo 1.5 si urembo. Ukiweka vipande viwili ubavu kwa ubavu, 1.5 na 1.5 zinakuwa 3, kwa hiyo nafasi inaendelea bila kukatika, na vipande vinne vinakupa uwanja wa misumari 100 wa kufundishia mteremko wa mstari au kuakisi maumbo. Ukisahau hilo ukaacha pembeni sentimita 2, utagundua baada ya kupiga misumari 575.

Usipime kila ubao kwa rula. Chora nafasi zote 25 mara moja kwenye karatasi, iwekee juu ya mbao, toboa alama kwa msumari mkubwa, kisha hamia kipande kinachofuata. Ubao hupasuka kwa sababu misumari mitano inafuatana kwenye mshipa mmoja wa mbao na ncha kali inaupanua kama kabari. Dawa ni ya mafundi: geuza msumari, gonga ncha yake mara moja kwa nyundo iwe butu, ndipo upige. Ncha butu inavunja nyuzi za mbao badala ya kuzitenganisha. Misumari yote ibaki nje sentimita 1.2, na ili ilingane weka pembeni ya msumari kipande cha mbao chenye unene huo na upige mpaka nyundo igonge mbao. Msumari mfupi unaachia mpira, mrefu unainama siku ya pili.

Mipira ni ile midogo ya kufungia noti. Inatosha kwa nafasi ya sentimita 3. Kwa nafasi ya sentimita 5, ambayo michoro mingi huonyesha, umbo kubwa kuliko yote lina mzingo wa sentimita 80, na mpira wa noti unakatikia hapo na kumpiga mtu jichoni.

Sasa kazi yenyewe. Usiwaambie watengeneze mraba. Waambie: kwenye ubao huu, tafuteni miraba ya maeneo mbalimbali, mingi kadiri mnavyoweza, nafasi moja ya misumari ikiwa urefu 1. Ndani ya dakika tatu kila kikundi kina 1, 4, 9 na 16, na wanakunja mikono. Waambie bado kuna minne. Kimya. Halafu kikundi kimoja kinavuta mpira ukae kwa kona, na jirani anaanza kubisha: "Hiyo siyo mraba, imelala." Mwenye ubao anauzungusha kidogo mkononi, mraba unasimama wima, na ubishi umeisha bila mwalimu.

Ubishi unaofuata ni mzuri zaidi. Eneo la mraba huo mdogo uliolala ni ngapi? Wengi watasema 1, kwa sababu wamehesabu hatua moja kutoka msumari hadi msumari, na hatua ya mshazari wameihesabu sawa na ya pembeni. Hilo ndilo kosa unalolitafuta, usilifute. Waambie wafunge mipira mingine ya kugawa umbo hilo katika pembetatu. Zinatoka nne, kila moja nusu ya mraba mdogo. Nne mara nusu ni 2. Kwa hiyo upande wake ukijizidisha wenyewe unatoa 2, na kipeuo cha pili cha 2, ambacho kwenye kitabu ni alama tu, kipo hapo kimevutwa kwa mpira na kinapimika.

Mraba unaofuata, upande unaokwenda 2 kulia na 1 juu, haugawanyiki vizuri kwa macho. Hapa ndipo mbinu ya kuzungushia inapozaliwa: weka mraba wa 3 kwa 3 kuuzunguka, eneo 9, pembetatu nne zilizobaki kwenye kona kila moja ina eneo 1, 9 toa 4 ni 5. Kwa njia hiyo hiyo wanapata 8 na 10. Orodha imetimia: 1, 2, 4, 5, 8, 9, 10, 16. Kisha uliza kwa nini 3, 6 na 7 hazipo. Waandike jedwali lenye hatua za kulia, hatua za juu na eneo: 1 na 1 inatoa 2, 2 na 1 inatoa 5, 2 na 2 inatoa 8, 3 na 1 inatoa 10. Mtu atasema "jizidishe na jizidishe, halafu jumlisha", na hapo wameikuta kanuni ya Pythagoras kabla ya jina lake. Somo hili linahitaji dakika 80 kamili. Ukilibana kwenye kipindi kimoja cha 40, utalazimika kuwatajia majibu, na zana inageuka bango.

Wepesi wanaomaliza mapema wape swali la mwanahisabati Georg Pick, kanuni aliyoitoa mwaka 1899: umbo lolote lenye kona kwenye misumari na lisilojikata lenyewe, eneo lake ni misumari iliyo ndani, jumlisha nusu ya misumari inayoguswa na mpira, toa 1. Mraba wa eneo 5 una misumari 4 ndani na 4 mpakani: 4 na 2 toa 1. Usiwape kanuni, wape maumbo kumi na jedwali tupu. Au waulize miraba yote, mikubwa na midogo, ni mingapi kwenye ubao mmoja. Ni 50, na karibu kila kikundi kitaishia 30, ile isiyolala.

Kwa mjazo, silinda na koni ya manila. Zana hii inatengenezwa kila shule na inaharibika kila shule kwa sababu moja. Jambo la kuonyesha ni kwamba koni tatu zinajaza silinda moja, lakini hilo ni kweli endapo mdomo ni uleule na kimo ni kilekile. Mwalimu anakata silinda yenye kimo cha sentimita 12 na mdomo wa nusu kipenyo 5, halafu anakata koni kutoka kwenye kipande cha duara chenye nusu kipenyo 12, akidhani 12 hiyo ni kimo. Siyo kimo, ni mlalo wa ubavu. Koni inayotoka ina kimo cha sentimita 10.9 tu, na silinda inakula koni 3.3. Darasa linaona kwamba kitabu kinasema tatu na mchanga unasema kitu kingine, kisha linafundishwa kuuamini kitabu. Hakuna somo baya la hisabati kuliko hilo.

Vipimo sahihi ni hivi. Silinda: mstatili wa sentimita 31.4 kwa 12, ongeza 1.5 ya kubandikia. Karatasi ya A4 haitoshi, ina urefu wa 29.7, kwa hiyo ni manila. Koni: kipande cha duara chenye nusu kipenyo 13 na pembe ya nyuzi 138.5, ongeza pia 1.5 ya kubandikia. 13 inatoka kwenye 5 na 12 kwa Pythagoras, na 138.5 ni 360 mara 5 gawanya kwa 13. Kidato cha nne wapige hesabu hizo wenyewe kabla ya kushika mkasi. Aliyekosea ataona mdomo wa koni yake haukai juu ya silinda. Bikari ya mwanafunzi haifunguki hadi sentimita 13. Wengine hutumia uzi, lakini uzi unavutika na penseli inainama. Chukua ukanda wa boksi, toboa matundu mawili yaliyoachana sentimita 13, pini tundu hili, penseli lile.

Kijazio ni mchanga mkavu uliochekechwa, au mchele. Maharage na mahindi yanaacha mianya, na mianya ya kwenye koni nyembamba hailingani na ya kwenye silinda. Pana mambo matatu ya kuangalia: ncha ya koni izibwe kwa selotepu nje na ndani, mdomo wa koni usibanwe kwa vidole ukawa yai, bali koni isimamishwe ndani ya kikombe, na usawazishe juu kwa rula bila kutikisa. Ukitikisa silinda na hukutikisa koni, utapata tatu na kitu. Kwa vipimo hivi silinda ni sentimita za ujazo 942 na koni 314, na manila nzuri inakukosesha kijiko kimoja au viwili tu.

Kabla ya kumimina, kila mtu aandike kwenye daftari: koni ngapi? Jibu linaloongoza ni mbili, na lina sababu. Ukitazama kwa ubavu, koni ni pembetatu na silinda ni mstatili, na pembetatu ni nusu ya mstatili wake. Mwanafunzi aliyeandika 2 amefikiri vizuri juu ya picha isiyo sahihi. Aelezwe hivyo, asichekwe.

Kamba ni zana ya nje, na ina bahati ya kuwa na ndugu mtaani. Fundi ujenzi anapopiga msingi hupima sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, kisha huvuta futi kutoka alama hadi alama: ikisoma 100, kona ni mraba. Wanafunzi wengi wameshaona hilo. Chukua kamba ya mita 12, ongeza sentimita 20 kila mwisho za kufungia, na uweke alama kila mita kwa maka. Usifunge mafundo kama alama. Kila fundo linakula sentimita kadhaa, na ukiwa na mafundo 12 huna tena mita 12. Katani mpya inarefuka ikivutwa. Iloweke usiku, ikaushe imevutwa kati ya miti miwili, ndipo upime.

Swali la kwanza lisiwe 3, 4, 5. Liwe hili: kamba hii ikiwa mzingo, pembetatu ngapi tofauti zinaweza kuundwa zenye pande za mita kamili? Watapiga hesabu za kujumlisha zinazotoa 12 na kurudi na orodha ndefu: 3, 3, 6; 2, 4, 6; 1, 5, 6. Watoke wakazijaribu uwanjani. Wanafunzi watatu wanashika kona, wanavuta, na 3, 3, 6 inalala chini kama mstari mmoja. Wanarudi nyuma, wanavuta zaidi, wanalaumu mwenzao aliyeshika alama vibaya. Zinabaki tatu tu: 4, 4, 4; 2, 5, 5; na 3, 4, 5. Kanuni kwamba pande mbili lazima zizidi wa tatu imejiandika yenyewe kwenye vumbi. Baadaye ndipo waulize pembe ya 3, 4, 5 ni ngapi, na iwapo upande mrefu ukivutwa ukawa mita 5.10 itakuwaje. Inafika nyuzi 92.4. Sentimita kumi zinaipindisha kona nyuzi mbili na ushei, na aliyewahi kuona mlango usiofunga anaelewa mara moja.

Baada ya kamba, kifaa cha kupima pembe ya mwinuko. Nusu duara ya boksi yenye kipenyo cha sentimita 20, nyuzi zimechorwa 0 hadi 180. Mrija wa soda umebandikwa juu ya ukingo ulionyooka. Uzi unaoning'inia kutoka katikati kabisa ya ukingo huo, mwisho wake umefungwa nati. Kosa la kutengeneza ni tundu la uzi: likisogea hata milimita 3 kutoka kitovu, vipimo vyote vinapinda, na hakuna atakayejua kwa nini. Jaribu kila kifaa kabla ya kukigawa. Lenga mrija kwenye alama iliyo ukutani sawasawa na jicho lako, uzi lazima ukatize 90. Usipokatiza, hicho kirudi mezani.

Kosa la kutumia ni lingine. Uzi ukisoma 55, pembe ya mwinuko siyo 55 bali ni 35, tofauti yake na 90. Wapo wanaoandika namba za kifaa upya ili zisome pembe moja kwa moja. Nisingefanya hivyo, kueleza kwa nini unatoa kwenye 90 ni nusu ya somo lenyewe.

Mfano wa mlingoti wa bendera. Simama mita 12 kutoka kwenye shina, pembe nyuzi 35. Tanjenti ya 35 kwenye jedwali ni 0.7002, mara 12 ni 8.40. Hapo kila kikundi kitaandika 8.40 na kufurahi. Mwambie mmoja alale chini kifudifudi apime tena kutoka pale pale. Pembe inabadilika, mlingoti haujakua. Wanakumbuka kuongeza kimo cha jicho, tuseme 1.5, na mlingoti unakuwa mita 9.9.

Vikundi vipewe umbali tofauti, kwa makusudi. Kifaa cha boksi kinaweza kukosea nyuzi 2 kwa urahisi, na kosa hilo lina uzito tofauti kulingana na ulipo. Kwa mlingoti huo, ukisimama mita 3 unakosea karibu sentimita 90. Ukisimama mita 30 unakosea zaidi ya mita moja. Ukisimama mahali ambapo pembe inakaribia 45, kosa ni kama sentimita 60. Andika majibu ya vikundi vyote ubaoni yakiwa yamepangwa kwa umbali, na acha waone majibu yanavyotawanyika kwenye ncha mbili na kukusanyika katikati. Upepo unayumbisha uzi, kwa hiyo kazi hii ni ya asubuhi.

Ndani ya darasa, karata. Ukanda wa pwani na visiwani dhumna (domino) haihitaji kufundishwa, na seti yake ya vipande 28 inafaa sehemu, desimali na asilimia bila kubadilisha sheria hata moja. Dhumna ina namba saba, 0 hadi 6, na kila namba inatokea mara nane. Kwa hiyo unahitaji thamani saba, kila moja kwa sura nane. Robo, kwa mfano: 1/4, 0.25, asilimia 25, 3/12, neno "robo", duara lililotiwa kivuli robo, 25/100, na shilingi 250 katika 1,000.

Ufundi uko kwenye kuchagua hizo saba. Ukichagua 1/2, 1/3, 3/4 na nyingine ovyo, mchezo unakwenda bila ubishi na bila faida. Chagua 1/2, 1/5, 1/4, 2/5, 1/8, 4/5 na 3/4. Sasa 0.5 inavutia kukaa na 1/5, 0.4 inavutia kukaa na 1/4, na 0.8 inavutia kukaa na 1/8. Mchezaji anayebamiza 0.4 kwenye 1/4 kwa kishindo cha dhumna atazuiwa na wapinzani wake, ambao wana sababu ya kumzuia kuliko mwalimu. Kila kipande sentimita 4 kwa 8, na manila moja inatoa angalau seti mbili. Andika kwa kalamu ya wino wa kawaida. Maka inapenya, jibu linaonekana nyuma, na baada ya siku mbili wanacheza kwa kutazama migongo.

Kwa karata za kulinganisha, mlinganyo na grafu yake au swali na jibu lake, usiweke idadi sawa. Seti ya maswali 12 na majibu 12 inajibiwa kwa maswali 9. Matatu ya mwisho yanajipanga yenyewe. Weka majibu 15, na mawili kati ya maswali yawe na jibu ambalo halipo, wapewe karata tupu waandike. Majibu ya ziada yatoke kwenye madaftari yaliyosahihishwa, si kichwani: 2/5 kwa swali la 1/2 jumlisha 1/3, x² + 9 kwa swali la (x + 3)². Jibu la uongo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuliandika halimdanganyi mtu.

Kuna seti nyingine ya karata ambayo walimu wengi wa Tanzania huiruka, ya maneno. Mtoto aliyesoma hisabati kwa Kiswahili hadi darasa la saba anaingia kidato cha kwanza na kuambiwa atafute "product" ya 6 na 4. Anakwenda somo la biashara, neno hilohilo ni bidhaa. "Volume" anaijua, ni ya redio. "Root" ni mzizi wa mti. Karata ya neno iwe na sehemu tatu zinazotenganishwa kwa mkasi: neno la Kiingereza, neno la Kiswahili, na mchoro au mfano wa namba, bila maelezo. Maneno 10 kwa mada yanatosha, na yachezwe dakika tano za mwanzo wa kipindi. Mchoro ndio unaobeba maana. Tafsiri peke yake inahamisha ujinga kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Vigae vya aljebra, yaani mraba mkubwa wa x kwa x, mstatili wa x kwa 1 na mraba mdogo wa 1, vina sharti moja tu linalosahaulika. Kigae cha 1 kikiwa sentimita 2 kwa 2, urefu wa x usiwe 6 wala 8, kwa sababu mwanafunzi atapanga vigae vidogo pembeni na kutangaza kwamba x ni 3 au 4. Tumia 7.3. Kila kikundi kinataka miraba mikubwa 2, mistatili 10 na vidogo 16, na kazi ni kupanga x² + 5x + 6 iwe mstatili bila pengo. Baadaye x² + 6x iwe mraba, waone kona tupu inayodai vigae 9.

Vizibo vya soda vinafaa namba hasi, upande mmoja mweupe na mwingine mwekundu: cheupe ni 1, chekundu ni −1, na vikikutana vinafutana. Kwa 3 toa −2, chukua vyeupe vitatu. Vyekundu vya kutoa havipo, kwa hiyo ingiza jozi mbili za kufutana, thamani haijabadilika, kisha toa vyekundu viwili. Vinabaki vyeupe vitano. Vizibo hivyohivyo vinafaa uwezekano kuliko sarafu, kwa sababu jibu la sarafu kila mtu analo kabla ya kurusha. Kizibo kikirushwa kitaangukia mgongo mara ngapi katika 100? Hakuna kanuni inayojua. Lazima warushe, na vikundi vikijumlisha matokeo yao wataona uwiano ukitulia. Tumia vizibo ambavyo havijapindwa na kifungulio.

Kwa pai, kosa la kawaida ni kupima vitu vidogo. Ukikosea milimita 2 kwenye kipenyo cha kizibo cha sentimita 3.2, umekosea asilimia 6 na pai yako inaweza kuwa 3.35. Kosa hilohilo kwenye mfuniko wa ndoo wa sentimita 30 halifiki asilimia 1. Mzingo upimwe kwa ukanda wa karatasi, uzi unavutika. Kipenyo kipimwe kwa kubana mfuniko kati ya ukuta na kitabu kilichosimama, siyo kwa kukisia katikati.

Kutunza ndiko kunakoamua kama zana itafika mwaka wa pili. Gundi ya unga, ya ngano au ya muhogo, ni chakula, na panya na mende watakuthibitishia wakati wa likizo. Tumia gundi nyeupe ya maseremala. Karata zifunikwe kwa selotepu pana pande zote mbili kabla ya kukatwa. Ukikata kwanza, kingo zinachanika. Pwani manila inakunjamana kwa unyevu, basi zihifadhiwe zimelazwa chini ya kitu kizito. Karatasi za grafu zikitolewa fotokopi ya fotokopi, sentimita 1 haiwi tena sentimita 1, kwa hiyo pima nakala ya kwanza kabla ya kutoa 70.

Kila seti iwe na bahasha ya kaki, namba ya seti nje, na namba hiyohiyo kwenye kila kipande ndani. Mwanafunzi mmoja kwa kikundi anahesabu wakati wa kupokea na wakati wa kurudisha, dakika mbili kabla ya kengele, si baada yake. Kipande cha seti ya 7 kikiokotwa chini ya dawati kinajua kwao. Na vizibo toa 30 pale panapotakiwa 25.